Kiganja cha Mwisho Kabla ya Rangi

Katika kiwanda cha Halberton, upande wa mashariki wa Detroit, hakuna gari lililoingia chumba cha rangi kabla halijapapaswa na Zygmunt Wrona. Bodi ilimfikia ikiwa uchi, ya kijivu, imekwisha kuchomelewa, mishono yake imezibwa kwa madini ya risasi, imepigwa tupa na msasa hadi ikawa laini kama mgongo wa samaki. Zygmunt alivaa glavu nyembamba ya pamba nyeupe, akafumba macho, akaweka kiganja cha kulia juu ya taa ya mbele, akaanza kutembea. Alikwenda taratibu kuelekea nyuma, kiganja kikiteleza, vidole vikitangulia, maana bati husomwa kwa urefu wake, si kwa mapana. Palipobonyea kwa unene wa karatasi, kiganja kilisimama chenyewe. Pasipokuwa na kitu, aliendelea hadi taa ya nyuma, akazunguka, akarudi kwa upande wa pili, kisha akagonga paa mara mbili kwa kifundo cha kidole. Hapo wapaka rangi walijua kwamba bodi ni yao.

Glavu alishonewa na mkewe, Bronia, kwa foronya zilizochakaa, kwa sababu kitambaa kilichofuliwa miaka mingi huteleza kuliko kipya. Nyumbani kwao, katika mji wa Wapolandi wa Hamtramck, mkono ule uliishi kama mgeni wa heshima. Haukumenya viazi. Haukushika sepetu ya theluji. Watoto walipokuwa wadogo walijua kwamba baba akiwachapa, atatumia wa kushoto. Majirani walimtania Bronia walipokutana naye duka la nyama.

"Leo umemlisha mume au umeulisha mkono?"

"Mkono kwanza," Bronia alijibu. "Mume akibakiziwa soseji, ana bahati yake."

Zygmunt alijidai hasikii, lakini alipenda. Hakuwa mtu wa maneno. Kiingereza chake kilikuwa cha kiwandani, Kipolandi chake cha kanisani, na katikati ya hizo lugha mbili palikuwa na ukimya ambao watu waliuchukua kuwa ni hekima. Kiganja ndicho kilichomsemea.

Miaka ile ya hamsini Halberton ilikuwa bado gari la kutengenezwa kwa mikono. Ngozi za viti zilichaguliwa pamoja, ili kiti cha dereva na cha nyuma vionekane vimetoka kwa mnyama mmoja. Mbao za mti wa jozi za mbele ya dereva zilipasuliwa kutoka gogo moja na kupangwa ili mistari ya mti ikutane katikati. Palikuwa na mzee aliyefanya kazi moja tu, kufunga na kufungua milango, akisikiliza, mpaka mlango utoe ule mlio mfupi mzito wa kitabu kikubwa kinachofungwa. Halafu wachoraji wa magari wa ghorofa ya juu, waliovaa tai, wakaamua kuondoa utepe.

Huo ulikuwa utepe wa kromu uliopita ubavuni mwa gari kutoka mbele hadi nyuma. Pamoja na uzuri wake ulikuwa na huruma: ulipita palepale bati lilipoungwa, na macho ya mtu yaliufuata yenyewe yakasahau kutazama kilichokuwa juu na chini yake. Mchoraji mkuu, Bwana Thayer, mtu mrefu mwenye tai ya rangi ya divai, aliteremka mwenyewe kuwaeleza mafundi. Huko juu, alisema, walikuwa wameukwangua mfano wa udongo majira yote ya vuli, wakiupunguza kidogo kidogo, hadi ubavu mzima ukabaki mkunjo mmoja.

"Sitaki kitu chochote hapa," alisema, akipitisha mkono hewani kando ya bodi bila kuigusa. "Mwanga uingie taa ya mbele, utoke taa ya nyuma, usijikwae popote."

Alipoondoka, Carmine Sabatino, aliyekuwa akipiga msasa, alitema mate kwenye takataka za chuma.

"Mmemsikia? Ametuvua suruali."

Watu wakacheka. Zygmunt naye alitabasamu, kwa sababu suruali ile wengine ndio walioihitaji. Kwake yeye ubavu mtupu ulikuwa kama kuitwa mbele kwa jina.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, akiingia kanisani nyuma ya Bronia, Zygmunt alichovya vidole kwenye bakuli la maji ya baraka pale mlangoni, kama alivyofanya maisha yake yote, akainua mkono hadi kwenye paji la uso. Hakujua kama vidole vimelowa. Alivitazama. Vilikuwa vimelowa, tone likining'inia kwenye ncha ya cha kati. Alirudi, akavichovya tena, polepole, akisukumwa na waliokuwa nyuma yake. Aliona maji yakivifunika. Hakusikia baridi, wala umajimaji, wala ukingo wa jiwe. Ilikuwa kama kumtazama mtu mwingine akinawa.

"Unatafuta samaki?" Bronia alinong'ona.

Daktari wa mtaani alisema ni sukari, imekuwa ikimla muda mrefu, na kwamba miguu itafuata asipoacha keki. Zygmunt alimwambia Bronia habari ya sukari na habari ya keki. Habari ya vidole hakumwambia. Alijiambia kwamba kiganja si vidole, kwamba kilichozoea kazi miaka yote hiyo kitakumbuka chenyewe.

Hakikukumbuka. Alipofumba macho na kuweka mkono juu ya bati, hapakuwa na bati. Palikuwa na uzito wa mkono wake mwenyewe, basi.

Sasa, kuna njia nyingine ya kulisoma bati, nayo ni kulilowesha. Unachovya kitambaa kwenye petroli, unalifuta, na kwa muda mfupi kabla halijakauka linakuwa kama kioo. Ukiinama na kutazama, unaona mwanga ukipita juu yake, na pale ulipovunjika ndipo penye kosa. Kila mwanafunzi huanza hivyo. Lakini katika safu ile ya Halberton, fundi mzima aliyelowesha bati alichekwa kama mwanamume anayekatiwa nyama na mkewe. Zygmunt mwenyewe aliwahi kumpokonya mtu kitambaa na kukitupa, akisema, "Hapa tunapapasa. Ukitaka kutazama, nenda sinema."

Basi akaanza kufika kiwandani mapema kuliko wote, akiwa na kitambaa ndani ya kopo la kahawa. Alizilowesha bodi zilizokuwa zikimngoja, akainama, akatazama, akakariri. Bonde hapa, kinundu pale. Wenzake walipoingia bati lilikuwa limekauka na kitambaa kimefichwa. Naye alivaa glavu, akafumba macho, akatembea, na kusimama palepale alipokariri. Alikuwa mwigizaji mzuri kuliko alivyodhani. Lakini macho yake yalikuwa ya mtu wa makamo, taa za asubuhi hafifu, na bodi nyingine zilimfikia mchana, ambapo hakuthubutu kulowesha kitu. Hizo alizipitisha kwa kubahatisha. Aligonga paa mara mbili, na usiku akalala akisubiri zirudishwe kutoka chumba cha rangi.

Hazikurudi. Wiki zikapita, Kwaresima ikaingia, na hakuna gari hata moja lililorudi. Taratibu Zygmunt alianza kuamini jambo ambalo mtu huliamini kwa sababu analihitaji: kwamba mkono unajua hata kama yeye hajui. Alipiga magoti kanisani akashukuru.

Aliyefanya kazi kabla yake, hatua chache tu kutoka pale alipogonga paa, alikuwa Odell Pickett. Odell alikuwa mtu mweusi aliyeletwa Detroit na wazazi wake kutoka Alabama akiwa mdogo, mpole wa sauti, mwenye mabega mazito. Kazi yake ilikuwa risasi. Aliiyeyusha kwa moto juu ya mshono, akaipaka kwa kibao cha mti kilichochovywa mafuta ya mnyama, akaisawazisha kabla haijaganda, kisha akaipiga tupa. Zygmunt alikuwa amepapasa kazi ya Odell kwa miaka na alijua siri moja ambayo hakumwambia mtu. Mkono wa Odell ulikuwa mzuri kuliko wake. Alijua kwa sababu hakuwahi kuupata na kosa.

Na katika majira ya vuli yaliyotangulia, kabla mkono haujafa, msimamizi wao, Bwana Kincaid, alipomuuliza ni nani amfundishe kushika nafasi yake siku atakapostaafu, akamtajia Pickett, Zygmunt alikuna shingo.

"Pickett bado," alisema.

"Bado nini?"

"Bado tu. Kuna mpwa wangu, Tadek, yule wa msasa. Anakuja vizuri."

Tadek alikuwa kijana mwema wa parokia yao, mtoto wa dada yake, na mkono wake ulikuwa kama buti. Nafasi ile ilikuwa imeshikwa na Wapolandi tangu kiwanda kijengwe. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Zygmunt hakuihitaji iandikwe. Neno moja, bado, lilitosha, na lilitoka kinywani mwake kirahisi kabisa.

Wiki ya kabla ya Pasaka Bwana Thayer aliteremka tena akiwa na wageni, na Kincaid akawaleta hadi kwenye safu. Zygmunt aliwaona kwa mbali. Bodi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya mchana, hakuwa ameilowesha. Alivaa glavu, akafumba macho, akatembea, huku akisikia viatu vyao vikikaribia. Alihitaji kusimama mahali. Kiganja ambacho hakisimami, mgeni hawezi kukijua kama kinafanya kazi. Akasimama katikati ya mlango wa mbele.

"Pickett!" aliita, kwa sauti ambayo hakuwa na desturi ya kuitoa.

Odell akaja akijifuta mikono.

"Huu mlango umelala, una bonde. Urudie."

"Wapi, Mzee Zyg?"

"Hapa."

Odell aliweka kiganja pale, mkono mtupu bila glavu, akaupitisha mara moja, akaurudisha. Aliinua macho akamtazama Zygmunt. "Wapi hasa?"

"Kama mkono wako hauoni, mimi sina la kukuonyesha. Labda ukalale vizuri kwanza, Jumatatu uje umeamka."

Tadek alicheka. Mmoja wa wageni naye akacheka, kwa adabu. Bwana Thayer alitikisa kichwa kwa kuridhika na kuwaambia wenzake kitu kuhusu kiwango cha Halberton. Odell alichukua tupa, akaupitia ule mlango kwa mikupuo mirefu, shwaa, shwaa, mpaka wageni wakaondoka. Zygmunt, aliyekuwa karibu, aliona kwamba hakuna vumbi la chuma lililoanguka. Odell alikuwa akiitelezesha tupa bila kuikandamiza. Aliutunza mlango mzuri usiharibike, akawapa wakubwa sauti tu. Zygmunt aliliona hilo, akalifahamu, akatazama pembeni.

Baada ya Pasaka ikaja bodi ya sedani moja, gari la milango minne, iliyokuwa ipakwe rangi nyeusi. Asubuhi, kwa kitambaa chake, Zygmunt aliona bonde dogo chini ya kioo cha nyuma, pale paa linapoteremka kuelekea buti. Alikusudia kuirudisha. Kabla hajaanza, Kincaid alimwita ofisini kwa jambo la glavu mpya ambazo kampuni ilitaka kununua. Aliporudi wenzake walikuwa wanangoja. Akafumba macho, akatembea, akagonga paa, bodi ikaenda kungoja zamu ya rangi. Lile bonde alilikumbuka jioni, kijiko cha mchuzi wa bitiruti kikiwa kimefika mdomoni.

Kesho yake alikwenda moja kwa moja chumba cha rangi. Sedani ilikuwa imesimama chini ya taa, nyeusi, bado inanuka. Rangi nyeusi haifichi bonde. Hulikuza, mtoto mdogo akaliona. Zygmunt aliinama kwenye ule mteremko chini ya kioo na kuona uso wake mwenyewe. Akasogea kushoto, uso ukasogea. Akasogea kulia. Ulipita wote, pua na masharubu, bila kuvunjika popote.

Bonde halikuwepo.

Alibaki ameinama. Bati halijinyooshi. Kuna mtu alilitoa, baada ya yeye kugonga paa. Na kama mtu alilitoa lile, aliyatoa mengine. Ndiyo maana hakuna gari lililorudi. Zygmunt alihisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni, kama mtu anayegundua katikati ya sherehe kwamba suruali yake imepasuka nyuma tangu asubuhi na watu wote, kwa upole, wamekuwa wakitazama dari.

Palikuwa na mtu mmoja tu mwenye mkono wa kuweza kufanya hivyo.

Alimkuta kwenye beseni kubwa la duara la kunawia, lile ambalo maji hufunguka kwa kukanyaga. Carmine alikuwa upande wa pili.

"Pickett."

"Mzee Zyg."

"Ile nyeusi. Chini ya kioo cha nyuma."

Odell aliendelea kusugua sabuni. "Kuna nini chini ya kioo cha nyuma?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana nauliza."

Carmine alijifuta mikono kwenye suruali, povu bado limo. "Mimi nimeitwa," alisema, ingawa hakuna aliyemwita, akaenda zake.

Odell alikanyaga, maji yakatoka. "Tangu wakati wa theluji," alisema. "Ile ya kijani, ya kwanza isiyo na utepe. Uliigonga, mimi nikapita kutafuta kibao changu, mkono ukagusa. Nikasema nimekosea mimi. Iliyofuata, vilevile. Baadaye nikamwambia Carmine awe ananishikia taa saa ya chakula."

"Mbona hukuniambia?"

Odell alicheka kidogo, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Nikwambie nini? 'Samahani Mzee, kiganja chako kimekufa'? Mimi nikwambie hivyo? Ungenijibu nini?"

Zygmunt alijua angemjibu nini. Akasema, "Basi sina budi kukushukuru."

"Usinishukuru, bwana. Si kwa ajili yako. Gari likirudi kutoka rangi, Kincaid anamwita nani? Anakuita wewe? Wewe ni Mzee wa Kiganja, una parokia nzima mgongoni. Ananiita mimi. 'Pickett, risasi yako imezama.' Nilikuwa naosha jina langu, Mzee. Kila mchana, mkate uko mfukoni, nimesimama nafuta makosa yako yasije yakaitwa yangu."

Maji yalikatika. Odell hakukanyaga tena.

"Kwa mkono, pole. Nasema kweli, pole sana. Ni kitu kibaya. Lakini ule mlango..." Alitafuta neno, akaliacha. "Ulijua hauna kitu."

"Nilijua."

"Mpaka leo Tadek akinipita ananiuliza kama nimelala vizuri."

"Nitazungumza na Kincaid," Zygmunt alisema. "Faragha. Nitamwambia yote."

"Faragha." Odell alichukua taulo. "Mlango wangu hukuuangusha faragha."

Jioni ile Zygmunt alimweleza Bronia, akiwa ameuweka mkono juu ya meza kati yao kama kitu kilichookotwa. Bronia aliushika, akaufinya.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana, Bronia."

Aliufinya hadi yeye mwenyewe akatokwa na machozi. "Kwani kuugua ni dhambi, Zygmuś? Mwambie msimamizi unaumwa, ustaafu kwa heshima, Tadek ashike nafasi. Dada yako Jadwiga ameshawaambia wanawake wote wa kwaya."

"Si kuugua."

"Basi ni nini?"

Alimweleza habari ya mlango, na kabla ya mlango, neno lile aliloulizwa akajibu: bado. Bronia aliuachia mkono. Hakumkemea. Alisimama akaanza kupanga sahani ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa, akauliza, bila kugeuka, "Na yeye ana watoto?"

"Wanne, nadhani. Sijawahi kumuuliza."

Hilo nalo alilisikia likitoka kinywani mwake. Miaka yote ile.

Mtu angedhani kwamba kesho yake alikwenda akasema. Hakwenda. Kesho yake alivaa glavu akafumba macho, na keshokutwa pia. Siku zile ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Zamani alikuwa akidanganya bila kujua kwamba anajulikana. Sasa alitembea kando ya bodi akiwa gizani, akijua kwamba hatua chache kutoka kwake watu wawili wanamtazama akicheza mchezo wake. Mchana alikula chakula chake nje, kwenye ngazi za chuma, ili wapate nafasi ya kufanya kazi yake. Kila alipogonga paa alijisikia kama anabisha hodi kwenye nyumba ya watu. Alijiambia atasema Ijumaa. Ijumaa alijiambia kwamba ni afadhali wiki ianze. Aligundua kwamba hakuwa akiogopa kupoteza nafasi. Nafasi ilikwisha kupotea. Aliogopa nyuso zao zitakavyokuwa sekunde ile ya kwanza.

Bwana Thayer aliteremka tena ilipoletwa bodi ya kwanza ya gari la wazi, lisilo na paa, ubavu wake mrefu kuliko yote yaliyotangulia. Safari hii hakuwa na wageni. Kincaid alikuwa pamoja naye, na watu wa msasa walisogea kutazama, Tadek akiwa mbele. Odell alikuwa amemaliza mshono wa mwisho, anapoza moto.

"Haya, Wrona," Kincaid alisema. "Tuambie."

Zygmunt aliweka kiganja juu ya taa ya mbele. Akafumba macho. Halafu akayafumbua, kwa sababu aliona kwamba akianza kutembea hataacha tena mpaka afe. Alivua glavu.

"Siwezi kuwaambia kitu," alisema. "Mkono hausikii."

"Umeumia?"

"Umekufa. Tangu mwezi wa pili."

Kincaid alicheka kwa kutoamini, akatazama huku na huku ili wenzake wamsaidie kucheka. "Acha mzaha. Umetupitishia magari yote haya ya..."

"Sikuyapitisha mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze ili wasikie. "Na kuna jambo lingine. Ule mlango wa Pickett niliourudisha kabla ya Pasaka, mbele ya wageni. Ulikuwa mzima. Nilijua ni mzima. Sikuwa nasikia chochote, nikaogopa, nikamsingizia. Na vuli, Bwana Kincaid, uliponiuliza habari zake nikasema bado... mkono wake ulinizidi tangu zamani. Nilisema bado kwa sababu nilitaka nafasi ibaki kwetu."

Nyuso zilikuwa kama alivyoziogopa. Bwana Thayer alitazama viatu vyake. Tadek alikuwa amekuwa mwekundu, na Zygmunt alijua kwamba kabla ya chakula cha jioni Jadwiga atakuwa amesikia, na kwamba kwenye benchi lao kanisani patakuwa na nafasi wazi kati ya familia mbili.

"Kwa hiyo nani amekuwa akiyapitisha?" Kincaid aliuliza. Alikuwa ameanza kukasirika. "Nataka jina. Hakuna ruhusa ya mtu kugusa bodi iliyokwisha kugongwa."

Hili Zygmunt hakuwa amelifikiria. Katika siku zote za kujiandaa kuungama alijifikiria yeye tu, na sasa ukweli wake ulikuwa umemfungulia mwenzake mlango wa adhabu. Alimgeukia Odell, na Odell alikuwa anamtazama kwa uchovu wa mtu ambaye alitegemea hivyohivyo.

"Mimi," Odell alisema. "Saa yangu ya chakula."

"Na mimi nilishika taa," Carmine alidakia. "Mkitaka kunifukuza, nina shemeji anauza samaki."

Hakuna aliyecheka. Kincaid alimtazama Bwana Thayer, naye alikuwa ameinama kando ya ubavu wa gari, akiutazama urefu wake kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

"Magari hayakurudi," Thayer alisema hatimaye. "Hata moja. Mimi nataka magari yasirudi. Mengine ni yenu."

Kincaid alipumua kwa pua. "Pickett, simama hapo hadi jioni. Kesho ofisini watasema wanachosema. Wrona, usiondoke. Msaidie. Shika taa."

Watu wakatawanyika. Tadek alipita karibu na mjomba wake bila kumtazama. Odell alijifuta mikono, mmoja mmoja, bila haraka, akaja mbele ya bodi. Zygmunt alimnyooshea glavu, na Odell akatikisa kichwa, si kwa hasira; hakuwa mtu wa glavu. Aliweka kiganja kitupu juu ya bati, macho wazi, akaanza kwenda.

Zygmunt alitembea sambamba naye akiwa ameshika taa ya mkono, ile yenye balbu ndani ya kizimba cha waya. Mwanga ulikwenda mbele ya kiganja, ukipanda kwenye mkunjo wa gurudumu na kushuka kwenye mlango, na Zygmunt aliona jinsi ubavu ulivyo mzuri. Alikuwa hajawahi kuuona. Asubuhi alitafuta makosa tu, na saa nyingine zote alikuwa amefumba macho.

Alitafuta la kusema. "Nilitaka kusema..."

"Inua kidogo," Odell alisema. "Si hapo. Hapo."

Akainua. Walifika juu ya gurudumu la nyuma, Odell akasimama, akarudi nyuma kidogo, akapita tena, akachora duara dogo kwa chaki. Kisha akanusa. Aligeuka ghafla, akashika kifundo cha mkono wa Zygmunt, akauvuta kutoka kwenye kizimba cha taa. Waya uliokuwa umepata moto ulikuwa umeacha mistari myeupe kwenye vidole vyake, na kwenye mmoja ngozi ilikuwa imeanza kukunjamana. Zygmunt aliitazama. Hakuwa amejua.

Carmine, aliyekuwa akipiga msasa upande wa pili, aliacha.

Odell aliupindua ule mkono, akautazama kwa makini, upande huu na upande ule, kama alivyotazama bati, huku Zygmunt akiwa amesimama na kuachia, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Halafu akaichukua taa, akaiweka kwenye mkono wa kushoto wa mzee, akamkunja vidole mwenyewe kuzunguka mpini.

"Shika huku," alisema. "Chini. Usipande juu ya hapa."

Akageukia bati, akaweka kiganja pale alipoishia.